Sitini na Watatu Mbele ya Zahanati

Benchi lililo mbele ya zahanati lina miguu minne, mmoja umeegemezwa tofali, na anayekaa upande huo sharti ajue kubishana bila kutikisika. Kila asubuhi utawakuta pale watatu wale wale: Profesa, fundi viatu aliyepewa jina hilo kwa kuwa hajapata kusema "sijui", Breki, dereva mstaafu wa lori, ambaye kwake kila ugonjwa duniani chanzo chake ni injini, na Muuza Kahawa, mwanamke mwenye birika moja na maoni mia. Asubuhi hiyo mtaa ulikuwa umefurika. Mama Mkunga alikuwa anastaafu baada ya miaka thelathini na minne, na saa tano kamili mwanawe angempakia garini kwenda kuishi naye mbali. Watu sitini aliowapokea duniani, wengine wamekwisha kuota ndevu, walikuwa wamekuja kupiga naye picha moja. Mpiga picha alikuwa Flashi, binti wa mtaa huo huo. Wazee walitaka kumwita mtu wa studio kubwa, Flashi akasimama kikaoni akasema, "Nipeni mimi. Nikiharibu, msiniite tena maisha."

Sasa ilikuwa saa nne na robo, na kamera imegoma.

— Kuna nini tena? Profesa akauliza.

— Lenzi inazingua, Flashi akajibu bila kuinua uso. Kila nikibonyeza, kamera inakataa. Penye namba ya tundu la lenzi naona sifuri mbili tu.

— Mficha uchi hazai, binti yangu. Kifuniko umekitoa?

— Kiko mfukoni, Profesa.

— Basi betri hiyo, akasema Breki.

— Imejaa. Nimeitoa, nimeirudisha. Hata kadi nimeitoa, nimeirudisha.

— Ndiyo maana! Imejaa kupita kiasi. Imevimbiwa.

Muuza Kahawa akapangusa vikombe viwili kwa mkupuo.

— Joto hilo. Kamera imekaa juani tangu saa tatu. Na wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Ilete hapa jikoni uisogeze kidogo, utaona itakavyoshtuka.

— Kamera ya mtoto wa watu utaichoma kama mahindi? Breki akauliza.

— Nimesema kuisogeza, sikusema kuichoma!

Profesa akainua mkono, kama kawaida yake anapotaka dunia inyamaze.

— Nisikilizeni. Ndani ya kamera ya namna hii mna kioo. Kioo ndicho kinachoona. Sasa kioo kikiona watu sitini kwa mpigo, wote wanakikodolea macho, kinaingiwa na haya. Hata mimi ningeingiwa.

— Kwa hiyo tufanyeje? Flashi akauliza.

— Watu wapungue.

— Haya, kamwambie nani atoke, Muuza Kahawa akasema. Aliyezaliwa Jumatatu au aliyezaliwa pacha?

— Mnapoteza muda, Breki akaingilia. Hebu niione.

Kabla Flashi hajasema ndiyo wala hapana, lenzi aliyokuwa ameichomoa kwenye kamera ilikuwa imekwisha kuingia mikononi mwa Breki, anaizungusha, anaibonyeza ubavuni kama anayepima upepo wa gurudumu.

— Matope hayo. Radieta ikiziba, unafanyaje? Unamwagia maji. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ioshwe!

— Mzee Breki, nakuomba, Flashi akasema, akaipokonya taratibu kwa mikono miwili na kuikumbatia kifuani.

Akajilazimisha kufikiri. Kama mgonjwa hajulikani kati ya wawili, watenge. Akaitoa mkobani lenzi yake ya pili, ile ndefu, akaifunga kwenye kamera, akabonyeza. Chak! Picha ikatoka safi. Basi kamera ni nzima. Mwenye maradhi ni lenzi pana, ile ya kupiga watu wengi. Lakini nafuu hiyo haikumfaa kitu. Mtaa ulikuwa mwembamba. Hata alipoubana mgongo ukutani pa duka la upande wa pili, lenzi ndefu ilimpa watu wanane na nusu. Wa tisa alikatwa sikio.

Nyuma yake manung'uniko yakaanza.

— Nilisema mimi tumwite yule wa studio, mzee mmoja akaguna, si kwa sauti ya chini.

Flashi aliyasikia. Akarudi benchini na lenzi yake pana.

Ndipo Mama Mkunga akatoka zahanatini, ndani ya gauni lake jeupe lililopigwa pasi likasimama. Umati ukampisha. Hakwenda kwenye kiti alichowekewa. Alikwenda penye kelele.

— Mgonjwa nani hapa?

— Lenzi, Mama, watatu wakajibu pamoja.

— Mara ya mwisho ilikuwa nzima lini?

Nadharia watatu wale walikuwa nazo za kugawa mtaa mzima, ila hilo hakuna aliyekuwa amefikiria kuliuliza.

— Jana alasiri, Flashi akasema polepole. Ilipiga vizuri tu.

— Na tangu hapo umeifanyia nini?

Flashi akafumba macho. Jana alasiri. Alikuwa kibarazani anampaka mama yake mafuta ya nywele. Mtoto wa jirani akapiga hatua yake ya kwanza, watu wakapiga kelele, yeye akarukia kamera, akaing'oa lenzi pana haraka haraka ili aweke ile ndefu…

— Mafuta! Mama, nilikuwa na mafuta mikononi!

Akaigeuza lenzi. Nyuma yake, kwenye ukingo, zilijipanga nukta ndogo za rangi ya dhahabu, zile ambazo kwazo lenzi na kamera huzungumza. Juu yake alama ya dole gumba ilikuwa imetandaa, inang'aa, imenasa vumbi. Lenzi na kamera walikuwa wanazungumza huku wamefunikwa blanketi mdomoni!

Akatoa kitambaa kikavu, safi, akafuta nukta moja baada ya nyingine. Akafuta na zile za kwenye kamera, ameiinamisha mdomo chini vumbi lisiingie ndani. Akafunga lenzi, akazungusha mpaka ikaita tak. Zile sifuri zikatoweka. Ikatokea nne.

— Imepona! Muuza Kahawa akapiga kigelegele.

Umati ukajipanga. Flashi akasimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, akabonyeza, akatazama. Picha ilikuwa na ukungu, kama ya watu waliopigwa ndani ya mvuke. Aliitazama lenzi ubavuni: kitufe kilichotakiwa kuwa upande wa kujilenga yenyewe kilikuwa kimesukumwa upande wa kulenga kwa mkono.

— Nani kagusa kitufe hiki?

Breki akawa anachunguza mawingu.

Flashi akacheka, akakirudisha. Akalenga macho ya Mama Mkunga, akafinya tundu mpaka nane ili hata walio mstari wa nyuma waonekane sawasawa, akabonyeza. Akatazama. Akakuza picha mara mbili, mara tatu. Kope zinahesabika.

— Tayari! akapaza sauti.

— Bado, Mama Mkunga akasema. Wewe utakuwa wapi?

— Mimi ni mpiga picha, Mama.

— Wewe ulinifanya nikeshe siku mbili ulipozaliwa, halafu ukatoka umekunja ngumi. Sikuachi nje ya picha. Na hao wawili wa benchini wahesabiwe. Wake zao walijifungua, wao ndio waliozimia.

Mtaa mzima ukaangua kicheko. Profesa na Breki wakasogea wameinamisha vichwa, wakachuchumaa pembeni. Flashi akaitegea kamera sekunde kumi, akabonyeza, akakimbia. Sekunde ya saba alikuwa kifuani mwa Mama Mkunga, anahema. Chak!

Alipoirudia kamera, watu walimzunguka. Hakuna aliyefumba macho, hakuna aliyekatwa sikio. Yule mzee aliyetaka mtu wa studio akapenya mpaka mbele, akaitazama picha kwa muda mrefu.

— Binti, nakala yangu iwe kubwa, akasema. Ya kutundika sebuleni.

Mama Mkunga naye akaletewa. Akaanza kutaja mmoja mmoja kwa kidole: huyu alitanguliza miguu, huyu alikuja na mvua, huyu hakulia mpaka nikamtisha. Aliwataja wote, hakukosea hata mmoja, na mwanawe aliyekuwa amekwisha kuwasha gari akaamua kulizima.

— Nilisema mimi, Profesa akamnong'oneza Breki. Kioo kilikuwa na haya tu.

Muuza Kahawa akainamisha birika kwenye kikombe cha Flashi. Halikutoa hata tone. Sitini na watatu, Mama Mkunga na wazee wawili wa benchini wakiwemo, walikuwa wamelimaliza. Flashi akakipokea kikombe kitupu, akaketi upande ule wa tofali, akacheka mpaka benchi zima likatikisika.