Bi. Verna Tollefson na Sentensi Namba Saba

Ijumaa hii, tarehe 29 Mei 2026, Bi. Verna Tollefson anarudisha funguo za kitengo cha silaha baada ya miaka thelathini na tatu na miezi mitatu ya utumishi. Aliomba wasifu wake usizidi nusu ukurasa na usiwe na sifa. Mimi Glenn Pruitt, niliyekaa meza ya pili kutoka yake kwa miaka ishirini na minane, nimekataa yote mawili, na safari hii hana mamlaka ya kunirudishia karatasi yenye wino mwekundu.

Alifika hapa maabara ya uchunguzi wa jinai Februari 1993, akitokea shamba la ngano la wazazi wake karibu na mpaka wa Kanada, kazi yake ya kwanza ikiwa kuosha vyombo vya kemia. Mkuu wa kitengo cha silaha alimwona siku moja akiifungua na kuifunga mashine ya kahawa iliyokuwa imewashinda mafundi wawili. Wiki iliyofuata akamhamishia kwake. Tangu hapo Bi. Verna amechunguza silaha zaidi ya elfu sita, amesimama kizimbani kama shahidi mara mia nne na kitu, na amefundisha wachunguzi kumi na mmoja ambao leo wametapakaa katika majimbo matano. Mashine ya kahawa bado ni ile ile.

Lakini sote tunajua kwamba adui yake mkubwa hakuwa jambazi yeyote wa Montana. Alikuwa ni televisheni. Saa sita mchana, sandwichi mkononi, alikuwa akikaa mbele ya tamthilia za polisi kwa hasira ya mtu anayetazama timu yake ikifungwa. Alihesabu risasi kwa sauti. Rivolva ya tundu sita ikipiga mara ya tisa, alikuwa anaweka sandwichi chini na kuwaandikia watengenezaji kadi ya posta, kwa adabu kabisa, akiwauliza hizo tatu za ziada mhusika alizificha wapi. Alijibiwa mara moja tu, wakamtumia kofia. Bastola yenye kiwambo cha kuzuia sauti ikitoa mlio kama ya mtu anayefyonza, alituambia twende uwanja wa shabaha sasa hivi tukasikilize ile halisi, na tulikwenda, hata katika theluji.

Nami nina kovu langu. Wiki yangu ya kwanza nilinusa mtutu wa bunduki, kama mpelelezi niliyemzoea kwenye televisheni, nikatangaza kwamba imepigwa saa hiyo hiyo. Bi. Verna hakunicheka. Alinipangia bunduki tano mezani na kuniambia, "Haya, mwanangu, nusa zote uniambie ipi imepigwa lini." Nilikosa zote tano. Moja haikuwahi kupigwa tangu itoke kiwandani. Nilirudi nyumbani na mafuta ya bunduki puani, na mke wangu hajaisahau harufu ile mpaka leo.

Kuna pia gunia la shayiri. Wakili mmoja alikuwa ameshikilia kwamba mtu akipigwa na bunduki ya marisau lazima arushwe nyuma mpaka atoke dirishani, kwa sababu ameona kwa macho yake kwenye sinema. Bi. Verna alining'iniza gunia la ratili mia na themanini kwenye mti, akamwalika wakili na hakimu, akalipiga. Gunia lilitikisika kidogo tu, kama linaloitikia salamu. Hakimu alicheka mpaka akafuta miwani. Shayiri ilimwagika kwa wiki nzima, na kulungu walikula bure nyuma ya jengo la serikali.

Kwa sababu ya vituko hivyo, mwaka 1999 aliandika kijitabu kiitwacho Mambo Kumi Ambayo Televisheni Haijui, tukakigawa kwa polisi, mawakili na waandishi wa habari jimbo zima. Jambo la saba alikuwa ameliandika usiku ule ule alipotoka kutazama sinema ambamo bunduki inaporomoka ngazini na kuua watu saba peke yake. Alikuwa na hasira. Aliandika: "Bunduki haifyatuki kwa kuanguka. Kila mara kuna kidole."

Miaka kumi na miwili ilipita, na hakuna aliyelalamika.

Jumamosi ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu, Oktoba 2011, Bi. Jolene Rusk na mumewe Emmett walikuwa kambini milimani. Rivolva kuukuu ya babu yake Jolene ilikuwa kwenye mkanda, mkanda umetundikwa kwenye kioo cha pembeni cha gari. Jolene alipofungua mlango ili atoe birika, mkanda ulichomoka, rivolva ikaanguka juu ya jiwe, ikalia. Emmett alikufa kabla mkewe hajazunguka gari. Hivyo ndivyo alivyomwambia sherifu wa kaunti, na aliendelea kusema hivyo hivyo, neno kwa neno, akiwa mahabusu.

Kituo kimoja cha televisheni kikamleta mtaalamu. Aliitwa Kapteni Dirk Vansickle, na hakuna aliyemuuliza ni kapteni wa nini. Baadaye tulikuja kujua ni wa mashua ya kutembeza watalii ziwani. Kila mchana alikaa mbele ya kamera na kueleza kwamba mwanamke yule anadanganya. Mwendesha mashtaka alikuwa ameshaandaa shtaka la mauaji. Binti yao wa miaka kumi na mitano alikuwa ameacha kwenda shule, maana watoto wenzake walikuwa wakimwonyesha kidole cha kufyatulia kila alipopita kwenye veranda.

Rivolva ilitufikia Jumatano. Saa sita tuliketi na sandwichi zetu, na Kapteni akatokea kwenye kioo akipunga kitu kidogo cha kijani. Kilikuwa kijitabu chetu. Alisoma jambo la saba polepole, akamalizia, "Na hii si kauli yangu, jamani. Ni ya maabara ya serikali."

Bi. Verna aliacha kutafuna.

"Glenn," alisema, "hiyo sentensi ni yangu."

"Ni yako, Bi. Verna, lakini ulikuwa unazungumzia bunduki za siku hizi."

"Hakuna neno 'siku hizi' pale. Isome mwenyewe."

Kwa wasio wa kitengo chetu, niseme kwa kifupi. Rivolva za kizamani hazina kizuizi cha usalama. Nyundo ikiwa imelala, pini yake inagusa fataki, kile kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi iliyo mbele yake, na pigo moja la nyuma linatosha. Ndiyo maana wazee wa huku walijaza tundu tano kati ya sita na kulaza nyundo juu ya tundu tupu. Jolene alifundishwa hivyo na babu yake. Ila asubuhi ile aliyejaza ni Emmett, mtu wa mjini, na alijaza zote sita kama alivyoona kwenye sinema za wachunga ng'ombe. Boksi la risasi lilikutwa kwenye mfuko wa koti lake.

Mchana ule ule tuliweka ganda lenye fataki tu, bila baruti wala risasi, tukaiangusha rivolva itue kwa nyundo yake mara kumi. Fataki ililia mara saba. Bi. Verna aliandika ripoti kabla ya kuvua aproni, kisha akaenda kumwambia mkurugenzi wa wakati ule kwamba anataka kwenda kwenye televisheni.

Mkurugenzi alimpenda, na alimshauri kwa nia njema. "Verna, ripoti itafika mahakamani, itasema yenyewe. Ukikiri hadharani kwamba ulikosea, kila wakili wa jimbo hili atakutafuna mpaka siku ya kustaafu."

"Mahakamani ni Machi," alisema Bi. Verna. "Yule mtoto anakwenda shule lini?"

"Na jina lako?"

"Jina langu ndilo lililomfunga mama yake."

Miaka kumi na minane aliyoijenga kwa ripoti moja moja ilikuwa mezani pale, na aliijua thamani yake kuliko sisi. Usiku hakulala. Najua kwa sababu aliniambia mwenyewe, na pia kwa sababu asubuhi alivaa viatu viwili tofauti.

Alhamisi mchana mtangazaji alimkaribisha akitarajia ugomvi wa kupendeza. Bi. Verna alitoa rivolva ya marehemu mjomba wake, ya aina ile ile, akaonyesha kwamba ni tupu isipokuwa lile ganda lenye fataki, akagawa vizibo vya masikio na kumwomba kila mtu akae nyuma yake. Akaiangusha kwenye kipande cha mbao. Ililia mara ya kwanza. Kapteni Vansickle alionekana nyuma ya kiti, na kwa heshima ya wasifu huu sitaeleza alifikaje huko.

Kisha Bi. Verna akaigeukia kamera. "Jambo la saba niliandika mimi, na si kweli. Sikuwepo kule kambini, kwa hiyo siwezi kuwaambia kilichotokea. Ninachojua ni kwamba alichosema Bi. Rusk kinawezekana, na mimi ndiye niliyewaambia hakiwezekani. Namwomba radhi yeye na binti yake."

Jolene alitoka mahabusu Jumatatu iliyofuata, na jalada likafungwa kabla ya Krismasi. Binti alirudi shule. Kijitabu kilichapishwa upya, na jambo la saba lilichukua kurasa mbili.

Mkurugenzi alisema kweli kuhusu mawakili. Kwa zaidi ya miaka kumi na minne kila wakili wa utetezi ameanza na swali lile lile, kama amewahi kukosea. Kila mara anajibu ndiyo, anataja mwaka, anataja sentensi, anataja jina la Jolene, kisha anamtazama wakili kwa upole na kumngoja aendelee. Wamemtafuna, kweli, na mifupa yote ipo. Mwezi uliopita kijana mmoja wa sheria alimuuliza hivyo, akasikia jibu lote, akakaa chini bila swali la pili.

Mwenzetu, asante. Asante kwa uwanja wa shabaha wenye theluji, kwa wino mwekundu, na kwa kutufundisha kusema "sijui" mbele ya watu wenye suti. Uliwahi kuniambia kwamba kosa lile ndilo jambo pekee katika kazi yako unalolionea aibu. Mimi, hilo ndilo ninalowasimulia wanaoanza kazi, kabla sijawaonyesha hata choo kiko wapi. Tunakuombea siku ndefu, magoti yasiyouma na televisheni iliyozimwa.

Tulimwomba Bi. Jolene Rusk neno la kuchapisha hapa. Wengi hamjui kwamba tangu mwaka 2012, kila Jumamosi ya kwanza ya msimu wa kulungu, simu ya kitengo hulia saa moja asubuhi, na Bi. Verna huwa yupo kuipokea ingawa si siku ya kazi. Huzungumza kidogo tu, na hakuna anayetaja kambi. Hili ndilo alilotuandikia:

"Mwambieni Oktoba hii sitapiga simu. Nitaweka vikombe vitatu mezani. Binti yangu Tess naye anakuja, na amesema safari hii yeye ndiye atakayepika, kwa hiyo Verna asichelewe."