Bi Milimita Anaiaga Korido

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bi Milimita, ambaye jina lake la kwenye vyeti hata wahasibu wamelisahau, anastaafu tarehe 30 Juni. Vifaa vya idara vinasemekana kushusha pumzi.

Kazi yake ilikuwa kukagua vipima umbali vya leza na vipimahewa vya mkononi, vile vya kunusa gesi hatari, kabla havijarudi kwa wapima ardhi, zimamoto na madereva wa kreni. Kifaa kilichodanganya kilibandikwa karatasi nyekundu. Wakandarasi walimbembeleza, wakamwita dada, mama, hata shangazi. Aliitika vizuri tu, na karatasi ikabaki palepale.

Vipima umbali alivijaribia kwenye korido ya ghorofa ya chini, ndefu, iliyonyooka, yenye kibao cheupe ukutani mwisho kabisa. Siku moja uongozi ukagundua kuwa korido hiyo imekaa bure. Ukajengwa ukuta katikati, na nyuma yake ikapatikana ofisi nzuri ya naibu mkurugenzi. Bi Milimita alipouliza atapimia wapi, kamati ilimshauri, kwa busara nyingi, apime nusu kisha azidishe kwa mbili.

Hakugombana na mtu. Alijua kwamba kosa la kifaa hujificha kwenye umbali mfupi na kujitokeza mbali, huko ambako watu wamesimama chini ya kreni. Kesho yake alipiga hodi kwa naibu, akaacha mlango wazi, akarudi mwanzo wa korido na kuelekeza leza kwenye kibao, ambacho sasa kilining'inia nyuma ya kiti cha mkubwa.

"Naomba uiname kidogo, mkubwa," alisema kwa adabu. "Macho yako bado tunayahitaji."

Mkubwa akainama. Akainama mbele ya wageni, akainama akiwa kwenye simu ya wizarani. Mwezi haukuisha, ukuta ukabomolewa kwa agizo lake mwenyewe, na taarifa rasmi ikaupongeza uongozi kwa ubunifu wa kuanzisha korido.

Tunamshukuru kwa ukaidi wake, ambao madereva wa kreni wanauita usalama. Mumewe, fundi seremala, alituomba jambo moja tu: zawadi isiwe kifaa cha kupimia, kwa kuwa futi yake ya kazi imeshapigwa marufuku nyumbani kwa kosa la kudanganya. Samahani, shemeji, tulikuwa tumeshanunua.

Bi Milimita, upumzike kwa raha na afya tele. Nawe shemeji, tunakuombea subira.