Aliyerukwa Kwenye Salamu

Mheshimiwa Diwani, uliyekuja kwa pikipiki na vumbi lote hilo kichwani. Baba Mchungaji na Mama Mchungaji. Mzee Mwenyekiti wa kijiji. Wazee wa kanisa. Jirani zetu Wakatoliki mlioacha shughuli zenu. Mzee Idrisa na ndugu zetu Waislamu wa pale njia panda. Wageni waalikwa, na ninyi ambao hamkualikwa ila harufu ya pilau imewaleta: Bwana Yesu asifiwe! Mzee Idrisa, asalaam aleikum.

Nimewapanga sawasawa? Mama Mchungaji ananifundisha tangu jana. "Mama Amon, anza na mkubwa, shuka na mdogo, usiruke mtu." Haya, nimeshuka. Lakini kuna mtu mmoja nimemruka, na nimemruka kwa makusudi. Nitamrudia kabla sijakaa.

Mimi shule niliiacha mapema, darasa la tatu, mbuzi wa baba walikuwa hawana mchungaji. Kwa hiyo msitegemee Kiswahili cha redio. Mnanijua: nauza maandazi pale barabarani, na ukinunua andazi unapewa na habari, habari ni ya bure. Kina mama wamenichagua nimuage Mwinjilisti Zablon kwa sababu walitaka kicheko. Nitawapa mtakachoweza kucheka. Lakini mnisamehe, leo naogopa, na si kwa sababu ya maiki.

Mwinjilisti Zablon anahama. Wakubwa wamempangia kule ng'ambo ya Isikizya, na sisi tumechinja, tumepika, tumemnunulia shati. Ni vizuri. Lakini nawauliza: mnajua anaacha nini nyuma? Kiti? Kengele? Baiskeli ile isiyo na breki?

Sisi Wamoravian tuna desturi yetu, kila siku na neno lake. Unaamka, unasomewa neno la siku, mstari mmoja au miwili, unaondoka nalo shambani. Mwinjilisti alipofika hapa alikuwa analisoma kanisani asubuhi, na waliokuwa wanakwenda ni yeye, mlinzi, na kuku wa mlinzi. Nikamwuliza, "Mwinjilisti, kwani Jumapili haitoshi?" Akaniambia, "Mama Amon, wewe uji wa jana unamwamsha mtu leo?"   Akasema upendo wa Mungu ni hivyo hivyo, haulali chunguni. Asubuhi unawasha moto upya, unakoroga upya.

Basi. Msimu wa mvua uliopita, ndugu yetu Kulwa alifiwa na binti yake kwa homa. Kulwa yupo hapa, namwona pale nyuma karibu na mlango. Mdogo wangu, mtoto wako nilimwosha kwa mikono hii. Matanga nililala kwako. Ninayosema leo sisemi kukuchoma.

Mtu akifiwa huwa anatafuta mlango wa kupitishia uchungu. Kulwa akapelekwa kwa mganga. Mganga akasema maneno, na maneno yale Kulwa hakuyatoa yeye, yalivuja yenyewe kama maji kwenye ndoo mbovu, mpaka yakafika bombani. Na bombani nilikuwepo. Wapi sipo?

Mmoja wetu akasema, "Jamani, kasema ni jirani wa upande linakozama jua. Mwanamke mzee. Macho mekundu."

Nikacheka. Nikasema, "Mbona hata mimi nakaa linakozama jua! Na asubuhi macho yangu mekundu kwa moshi wa maandazi!"

Hakucheka mtu. Mmoja akanitazama hivi, kuanzia kichwani mpaka miguuni. Jamani, nyie hamjawahi kutazamwa vile. Ndoo ilinishinda kubeba. Nilirudi nyumbani nikajiangalia kwenye kioo, nikavuta kope chini, nikaangalia wekundu. Mimi na miaka yangu yote hii, najikagua macho kama ng'ombe wa mnada.

Lakini hawakuwa wananisema mimi. Walikuwa wanamsema Bibi Mektilda.

Bibi Mektilda mnamjua. Mjane, Mkatoliki, hana mtoto aliyebaki. Macho yale yameliwa na moshi wa bani la tumbaku. Yeye na marehemu mumewe ndio waliokuwa wanachochea moto wa kukaushia tumbaku ya nusu ya kijiji hiki, na baada ya hapo akawa anayeyusha nta ya asali. Tumbaku mliuza, mkaezeka mabati. Macho akabaki nayo yeye.

Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa matusi ningeyajibu, hiyo ni kazi yangu. Walichofanya ni kuacha kumwamkia. Kukaanza kusemwa kwamba ukimpa shikamoo, naye akaitika marahaba, basi amekupokea, roho yako umeshamkabidhi. Nani aliyelileta jambo hilo? Babu zetu walipita njia hii wakibeba mizigo mpaka pwani, wakaamkia kila mji waliolala, wakarudi hai. Leo sisi tunaogopa marahaba ya bibi mmoja!

Nami niliogopa. Akipita, watu wanainama kufunga kamba za viatu. Wengine wako pekupeku lakini wanafunga kamba! Watoto wanaitwa ndani. Nyie wa huku mnajua, mtu akishaacha kuamkiwa, kinachofuata ni nini. Sitakitaja mbele ya watoto. Kinachofuata huja na panga, na asubuhi yake kijiji kizima hakikusikia kitu.

Siku moja, jua halijatoka vizuri, Bibi Mektilda akakuta mafiga yake yameng'olewa. Mawe yote matatu ya jikoni yametupwa njiani. Mheshimiwa Diwani, wewe ni mtu wa mjini, labda jiko lako ni la gesi. Huku kwetu mtu akikung'olea mafiga anakwambia hapa hutapika tena.

Mwinjilisti Zablon alipopata habari hakuhubiri. Alitoa ile kengele ya kanisa, ile ya mkono, akapita nyumba kwa nyumba. Kwangu akabisha hodi. "Mama Amon, neno la siku kuanzia leo tunalisoma kwa Bibi Mektilda."

"Mwinjilisti, si Mmoravian yule."

"Na moto uliomla macho ulikuwa wa dhehebu gani?"

Nikasema, "Mwinjilisti, mimi naogopa. Ulimi umenikauka."

Akasema, "Ukikauka ulimi wewe, basi hali ni mbaya kweli. Njoo nayo hiyo hofu. Utaikalisha pembeni yako, mkeka ni mpana."

Nikaenda. Tulikuwa Mwinjilisti, mimi, na Bibi mwenyewe amejikunyata mlangoni. Akafungua neno la siku, na sisi neno hatulichagui, linakuja lenyewe na tarehe yake. Lilikuwa linahusu upendo na hofu, kwamba hivyo viwili havikai nyumba moja, kimoja kikiingia kingine kinatoka. Nikamnong'oneza, "Mwinjilisti, leo vyote viwili vimo humu ndani." Akanijibu, "Ndiyo. Tukae, tuone kipi kitatoka."

Mara tunasikia baiskeli. Ni Mzee Idrisa, kwenye keria amefunga mawe kwa mpira. Mawe ya jikoni kwake, anakochemshia asali! Akayashusha, akayachimbia, akayapanga. Nikamwambia, "Mzee, karibu kwenye neno." Akasema, "Neno lenu kaeni nalo, mama. Mimi nimekuja kuamkia. Mtume wetu naye ametufundisha haki ya jirani." Akamgeukia Bibi. "Shikamoo, Bibi." Mimi nikashika roho mkononi. Bibi akaitika, "Marahaba, mwanangu." Mwanangu, mzee mwenye mvi zote zile! Tukamtazama. Hakuanguka. Akadai chai.

Tangu siku ile neno la siku limesomwa pale kila asubuhi. Wakaongezeka kidogo kidogo, wengine kwa imani, wengine nawajua walikuja kuchungulia, na mimi nawashukuru wachunguliaji, kwa sababu mtu wa kuchungulia naye ni shahidi. Mwenye panga hapendi nyumba yenye watu. Mnadhani Mungu alimlinda Bibi Mektilda kwa malaika mwenye upanga wa moto? Mimi sikumwona. Mimi niliona wanawake wenye baridi wamejifunga khanga, wanapiga miayo, wanasema shikamoo Bibi. Kama Mungu anapenda, mimi naona anapenda kwa miguu ya watu. Na imani, jamani, mimi sijawahi kuwa nayo ile kubwa ya kuhamisha kitu. Yangu ni ya kufika tu. Kila asubuhi nilifika naogopa, nikaondoka naogopa kidogo kuliko nilivyokuja.

Ningeweza kuishia hapo mkapiga makofi. Mnasikia pilau inaita.

Lakini kuna habari moja sijaitoa. Mimi, ambaye nimetoa habari za watu wote humu ndani, na Mheshimiwa usijali, yako sijaipata bado. Hii nimeikalia, na imenikalia.

Uhamisho wa Mwinjilisti ulitangazwa Jumapili. Jumatatu mimi niliwahi kufika kwa Bibi. Nikaingia jikoni kuwasha moto. Nikakuta mafiga mawili.

Mawili. La tatu hakuna. Nikatafuta nje, hakuna. Nilikaa chini.  Aliyelichukua amesikia kama sisi tulivyosikia, kwamba mwenye kengele anaondoka. Hakung'oa yote. Ameng'oa moja, kama mtu anayehesabu. Nikakimbia nyumbani, nikang'oa langu, nikalibeba kwenye khanga kama mtoto mchanga, nikalichimbia pale. Sikumwambia mtu. Sikukwambia wewe Mwenyekiti, wala wewe Baba Mchungaji. Niliona nikilisema kwa sauti litakuwa kweli.

Bibi akatoka, akabandika sufuria ya uji. Akaishika. Akaniambia, "Mama Amon, figa lako linayumba kama wewe mwenyewe."

"Bibi, ulijua?"

"Figa la mtu mwingine halikai sawa na sufuria yako. Nilijua tangu nimelala, nilisikia linang'olewa."

"Mbona hukupiga yowe?"

Akanitazama na yale macho. "Ningepiga, nani angekuja? Anayeogopa kunijibu salamu atakuja kunijibu yowe?"

Mheshimiwa Diwani, Mzee Mwenyekiti, mimi sijui nani alichukua lile jiwe. Simtaji mtu, na mkinibana sitamtaja, kwa kuwa kweli sijui. Najua kitu kimoja. Mpagazi wa zamani hakuutua mzigo porini. Aliushikilia mpaka mwenzake ainamishe bega. Mwinjilisti Zablon anaondoka Ijumaa na basi la asubuhi. Mzigo bado uko begani kwake. Tumemnunulia shati zuri sana la kufunika lile bega. Nani ameinamisha lake?

Mwinjilisti, nakusifu sasa, uvumilie. Sauti yako ya kuimba ni mbaya, na wewe unajua. Mahubiri yako ni marefu. Lakini ulipoona watu wanaogopa hukuwaambia msiogope. Ulituambia njooni nayo. Umenifundisha kwamba kumpenda Mungu ni jambo la kila siku na lina anwani yake, lina mlango, na mlango mmojawapo uko upande linakozama jua. Baba, nenda salama. Kengele niachie mimi. Wazee wa kanisa, msinikatalie, kusoma nasoma kwa kidole, polepole, lakini nitasoma. Kelele ninazo tayari.

Na sasa yule niliyemruka.

Bibi Mektilda yupo. Amekaa pale pembeni, kwenye ndoo iliyogeuzwa, nyuma ya ngoma. Tangu asubuhi nimekaa naangalia, kwa sababu kazi yangu ni kuangalia. Meza kuu imeamkiwa. Wapishi wameamkiwa. Hata yule mlevi wa njia panda ameamkiwa. Bibi wa watu, sisi wa neno la asubuhi tulimwamkia kule kwake, kabla hamjatuona. Hapa hadharani, kwenye macho ya kijiji, hajaamkiwa na mtu. Na mimi nikiwemo. Nilipita mbele yake na sinia, nikajifanya sinia nzito.

Bibi, sikiliza. Nasema kwa maiki.

Shikamoo, Bibi Mektilda.

Mmesikia? Ameitika. Sauti ndogo, lakini ameitika, marahaba. Na mimi huyu hapa, nimesimama. Naogopa, lakini nimesimama. Mzee Idrisa, ahsante, nimekusikia nawe ukimwamkia. Mama Mchungaji, ahsante. Baba Mchungaji. Haya, kina mama, msigonge vikombe, tusikie.

Nani huyo anasimama kule nyuma?

Kulwa. Mdogo wangu. Unatoka, au unakuja huku mbele?

Mwacheni, jamani, msimshike. Mwenyekiti, kaa. Sogezeni hilo benchi, mpeni njia apite. Bibi, na wewe usiinuke, kaa hapo hapo, nipo karibu yako.

Mheshimiwa Diwani, ndugu wageni, asanteni kwa masikio yenu. Nilikuwa nimepanga kumaliza na wimbo. Lakini Kulwa ameshafika kwenye ngoma, mbele ya Bibi, na midomo yake inacheza. Leo kwa mara ya kwanza tangu mnijue, mimi nanyamaza, ili sote tusikie anasema nini.