Mkono wa Dkt. Ndinda

Baada ya miaka ishirini na minane katika idara yetu ya fizikia hapa Kitui, Dkt. Ndinda Munyao anastaafu tarehe 31 Oktoba 2025. Kwao Tawa msimu wa kupanda ndengu unamngoja. Sisi tungependa msimu huo ungoje kidogo.

Ukimuuliza kazi yake, atakwambia anachunguza ngozi ya metali, yaani zile atomi za juu kabisa. Hutandaza utando mwembamba mno wa madini ya bati juu ya shaba, akaupasha joto polepole, akitafuta pale atomi zinapovunja safu na kujipanga upya, na elektroni nazo zikabadili tabia. Anasema ni kama ibada inapokwisha: watu ni wale wale, ila hakuna aliyebaki kwenye benchi lake.

Kazi hiyo haitaki uchafu. Mtambo hunyonywa hewa, ukafungwa foili na kuokwa siku kadhaa ili unyevu utoke. Mutiso mwenye duka aliwahi kumpongeza Daktari kwa harusi, akidhani foili yote aliyoinunua ni ya kufunikia vyakula vya sherehe. Hata alama ya kidole huharibu jaribio. Kwa hiyo maabarani Daktari hakumpa mtu mkono, na kwetu Ukambani kumnyima mtu mkono ni kumtukana. Wageni wengi walitoka wamenuna.

Mwaka wa 2019 umeme ulikuwa ukitukatikia katikati ya kila jaribio. Mheshimiwa Mulwa, mbunge wetu, akaja kuamua kama tupewe jenereta au maabara ifungwe. Alimkuta Daktari amevaa glavu, kipande cha shaba ki tayari kuingizwa. Akanyoosha mkono. Mkuu wa idara akaanza kuomba kimoyomoyo.

"Mheshimiwa, umetoka kula mbuzi," Daktari akasema. "Mkono nitakupa tukimaliza."

Mheshimiwa alikunja uso, lakini akavuta kiti. Jioni, mstari uliokuwa umenyooka kwenye skrini ukavunjika ghafla: atomi zilikuwa zimejipanga upya. Daktari alilia mbele yetu sote. Kisha akavua glavu, akamshika Mheshimiwa mkono kwa nguvu hadi mgeni huyo akacheka. Jenereta ilifika kabla ya Krismasi, na ndiyo itakayomsaidia Dkt. Katunge anayeurithi mtambo.

Asante, Daktari, kwa ukali wako na kwa chai yako. Nenda ukashike udongo kwa mikono mitupu, na Mungu akujalie mvua, afya na usingizi mtamu. Lakini Ijumaa, kabla hujaondoka, acha glavu mezani. Tutapanga foleni mlangoni pa maabara, na mimi nitakuwa wa kwanza. Tumefanya kazi pamoja miaka kumi na tisa, na humo ndani bado hujanipa mkono.

Kivuva, fundi wa maabara