Vigingi vya Daktari Ndung'u

Tarehe 30 Juni 1998, Daktari Hiram Ndung'u anastaafu baada ya miaka ishirini na minne ya kutafiti udongo hapa kituoni kwetu Kitale. Udongo wenyewe haukumngoja. Mwingi wa ule alioanza nao mwaka 1974 ulishateremka na mto Nzoia zamani, naye akiutazama.

Hatusemi kwamba hakuupenda. Tulipomzika mlinzi wetu kule Matisi, kila mtu alitupa konzi ya udongo kaburini isipokuwa Daktari, ambaye aliusugua kwa vidole, akaunusa, kisha akautia mfukoni. Jumatatu yake tuliupima maabarani. Marehemu, tukaarifiwa, amelala penye rutuba nzuri.

Wakulima wa Bungoma walimjua kwa jambo jingine. Aliwaambia kwamba udongo wao umejaa asidi, na walipouliza wafanye nini, aliwajibu kwamba utafiti zaidi unahitajika. Aliyasema hayo kwa upole mwingi, hata mmoja wao akadhani “utafiti zaidi” ni jina la mbolea, akaenda kuiulizia dukani.

Kilele cha kazi yake kilikuwa Misikhu. Mwaka 1986 aliomba kutumia shamba la mteremko la mama mmoja, Nekesa, akapigilia humo vigingi vya chuma, kila kimoja kikiwa na alama nyekundu usawa wa ardhi. Mvua ikiondoa udongo, alama itabaki hewani, naye atapima. Nekesa alitaka kuchimba matuta ya fanya juu, yale ya kuzuia maji yasichukue udongo, aliokoe shamba, maana hakuwa na jingine na watoto walikula humo humo. Daktari akamsihi asichimbe, kwani matuta yangeharibu utafiti. Yaani mama aache shamba liende, ili ijulikane limekwenda kiasi gani! Jambo hili lilituudhi wakati ule na linatuudhi leo, hata katika karatasi hii ya pongezi.

Miaka mitatu alama nyekundu hazikusogea. Daktari akaandika kwamba udongo wa Misikhu una ukaidi wa ajabu, akawaalika wakubwa kutoka Nairobi waje wajionee. Walikuja. Mmoja wao akatumbukia kwenye korongo la kufika kiunoni, katikati ya vigingi viwili. Korongo hilo Daktari alikuwa akiliruka kila mwezi, akienda kusoma vigingi vyake.

Ndipo Nekesa akaleta jiwe lake, kwa fahari.

"Daktari, si nilikuwa nakutunzia? Mvua ikitoa kigingi nje, mimi naludisha na jiwe mpaka kwa hiyo nyekundu. Kwani ng'ombe ya mgeni ikilegeza kigingi, utaangalia tu?"

Hilo la kuangalia tu lilimchoma. Hatukuwahi kumwona Daktari akiona haya, lakini siku hiyo alikosa pa kuweka uso. Wiki iliyofuata alirudi Misikhu na jembe, akakunja suruali, akachimba matuta pamoja na Nekesa msimu mzima. Alichimba vibaya sana, na dereva wetu Kibiwott alipita nyuma yake akirekebisha. Nyasi za nepia zikapandwa juu ya matuta, na korongo likaanza kujaa.

Tangu hapo mkulima akiuliza afanye nini, Daktari alimjibu. Mara nyingine alikosea, lakini alijibu.

Katika tafiti zake zote, ule wa Misikhu ndio pekee ulioharibika kabisa, na shamba lile ndilo pekee ambalo udongo wake bado upo.

Leo Nekesa amefika Kitale na zawadi ya mtamba. Amemfunga nje ya ukumbi, kwenye kigingi cha chuma chenye alama nyekundu.

Asante, Daktari, kwa vicheko ulivyotupa bila kukusudia, na kwa matuta yale uliyoyakusudia. Uwe na siku njema nyumbani, maziwa yasikupungukie. Kigingi kikilegea, tafadhali usikipime. Mama amekuachia na jiwe.