Sondhya Mridha, Aliyeotesha Mindimu Juu ya Paa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bi. Sondhya Mridha, mkuu wa idara ya miche katika Kitalu cha Ushirika cha Dokhina hapa Khulna, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Nimekaa meza jirani naye muda mrefu kiasi kwamba mke wangu humwita "mke mwenzangu wa kitaluni". Nilipopewa kazi ya kuandika haya, mwenyewe alinionya nisitie chumvi. Bahati mbaya, kisa chake kikubwa chenyewe ni cha chumvi.

Alianza kwa kufunga miche ya mapera kwenye magunia, akapanda ngazi hadi kuongoza idara. Wafanyakazi wapya humwogopa Jumamosi, wiki yetu ya kazi inapoanza. Ikifika Alhamisi wanakula chakula chake. Mteja akilalamika kwamba mche umekufa, humuuliza kama aliumwagilia maji au aliuombea dua tu.

Mwaka wa kimbunga, tuta la mto lilipasuka, maji ya chumvi yakalala kitaluni. Mindimu mama ya kagoji, zile ndimu ndogo za huku, ambayo wilaya nzima ilitegemea miche yake, ikaanza kukauka. Kikao kikapendekeza idara ya ndimu ifungwe. Bi. Sondhya akasimama.

"Maiti bado inapumua, nyie mnachimba kaburi?"

"Dada, udongo umeharibika," meneja akamwambia. "Hata ukikata vijiti vya kuotesha, utavipanda wapi?"

"Kwenye maji ya samaki wangu."

Kikao kizima kikaangua kicheko.

Juu ya paa la nyumba yao, yeye na mumewe, Bwana Poritosh, walikuwa wakifuga perege kwenye tangi la maji ya mvua. Pampu ilipandisha maji yenye kinyesi cha samaki hadi kwenye vitanda vya kokoto, mimea ikanywa na kushiba, kisha maji yakarudi tangini yakiwa safi. Bi. Sondhya aling'oa mchicha wote uliokuwa kwenye vitanda hivyo, akakata vijiti kutoka matawi ya mwisho yaliyokuwa mabichi, akavichomeka na kuvifunika kwa nailoni.

Vikaoza. Akachomeka vingine, navyo vikaoza. Mindimu kule kitaluni ilikuwa imebakiza matawi machache tu. Akachomeka hayo.

Ndipo umeme ukaanza kukatika kila siku. Pampu ikizima, mume na mke walichota maji kwa sufuria na kuyamimina tena tangini kutoka juu, ili samaki wapate hewa. Nilikwenda kuwajulia hali, nikapewa sufuria yangu. Umeme ukikatika kokoto zilikauka, ukirudi zikalowa, zikikauka na kulowa, nasi tukijua vijiti ndiyo basi tena.

Mchana mmoja, nami nikiwepo, Bi. Sondhya akakivuta kijiti kimoja kwa kukata tamaa.

"Poritosh! Njoo uone, kina mizizi!"

"Samaki je?"

"Wazima! Njoo basi, mwanamume we! Vile vya kwanza vilikuwa vinazama, maskini. Vinataka vinywe, halafu vipumue!"

Katika miaka yote hii nimemwona akilia mara moja tu, na ilikuwa pale, huku akicheka. Tangu siku hiyo pampu ikawa inawashwa na kuzimwa kwa zamu.

Mvua zilipoosha udongo, vijiti vile vilirudi kitaluni vikiwa miti, na idara haikufungwa. Meneja mwenyewe alikwenda juu ya paa kujifunza, akavua viatu mlangoni kama aendaye hekaluni. Baadaye Bi. Sondhya aliotesha tini na makomamanga kwa njia hiyo hiyo. Alijaribu na mwembe. Mwembe ukamkatalia katakata, na mpaka leo hawasalimiani.

Bi. Sondhya, asante kwa ukali wako, kwa vicheko vyako, na kwa kila dengu iliyokamuliwa ndimu katika wilaya hii. Bwana Poritosh, tunakurudishia mkeo. Pole na hongera. Dada yetu, tunakuombea afya tele, wajukuu watundu, na asubuhi ndefu zisizo na kikao.