Darlene Prystupa na Akiba za Masomo za Watoto wa Wrenfield

Baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili ya utumishi, Bi. Darlene Prystupa anastaafu tarehe 31 Mei 2024 kutoka Chama cha Akiba na Mikopo cha Wrenfield. Aliajiriwa akiwa karani wa kaunta; anaondoka akiwa mshauri wa akiba za familia. Katika muda huo wote alichelewa kazini mara moja tu, asubuhi ambayo theluji ilikuwa imeziba mlango wa nyumba yake, ikambidi atokee dirishani.

Kazi atakayokumbukwa nayo ni mpango wa akiba ya elimu ya juu. Kwa faida ya watumishi wapya: mzazi huweka fedha kwa ajili ya mtoto, serikali huongeza senti ishirini kwa kila dola hadi kiwango maalumu, na faida inayopatikana humo haikatwi kodi mpaka mtoto aingie chuoni na kuanza kuitoa. Wakati huo kipato chake huwa kidogo, na kwa kawaida hadaiwi chochote. Ni mpango mzuri. Kasoro ni kwamba wazazi huukumbuka mtoto akiwa ameshaanza kunyoa ndevu.

Darlene hakuwangoja. Kila vuli, kwenye karamu ya kuku ya kanisani, alipita kati ya meza akiwa na fomu ndani ya mkoba. Wasyl Bodnar, mkulima mstaafu asiyekosa kiti cha mbele, alikuwa akipaza sauti, "Jamani, ficheni watoto, Darlene huyo!" Naye alikuwa akimjibu bila kusimama, "Wako wameshazeeka, Wasyl. Mimi nawatafuta wajukuu."

Kwa kila mtoto aliandika kadi. Kadi hizo hakuzipanga kwa herufi za majina, kama kanuni zilivyotaka, bali kwa mwaka ambao mtoto angetimiza miaka kumi na mitano. Meneja wa tawi wa wakati huo, ambaye ndiye anayeandika maelezo haya, alimpelekea barua mbili za kumtaka afuate kanuni. Darlene alizijibu zote mbili kwa adabu na hakubadilisha chochote.

Sababu yake ilidhihirika tarehe 31 Desemba 2010, siku ambayo tawi lilifungwa saa sita mchana. Saa tano na nusu aliingia Lorne Kostiuk, mkulima wa kanola, zao la mbegu za mafuta, kuchukua kalenda ya bure. Binti yake, Janelle, alikuwa ametimiza miaka kumi na mitano mwaka huo na alitaka kusomea utabibu wa mifugo. Hakuwa na akiba hata dola moja. Sheria iko wazi: mtoto asipowekewa dola elfu mbili kabla ya mwaka huo kwisha, na kama hakuwekewa kidogo kidogo miaka ya nyuma, serikali haimwongezei kitu katika miaka miwili inayobaki kabla ya msaada wake kukoma. Kadi ya Janelle ilikuwa katika fungu la mwaka huo, na Darlene alikuwa amempigia Lorne simu mara tatu mwezi Novemba.

Lorne alikuwa na fedha, ila hazikuwa mkononi. Kama wafanyavyo wakulima wengi wa huku, aliuza kanola vuli na kuagiza hundi ilipwe Januari, ili mapato yahesabiwe katika kodi ya mwaka unaofuata. Kwa kuahirisha kodi ya mwaka mmoja, alikaribia kumkosesha binti yake msaada wa miaka mitatu.

"Hundi inatoka tarehe tatu," alisema. "Siku tatu tu, Darlene!"

"Serikali haihesabu siku, Lorne. Inahesabu mwaka, na mwaka unaisha leo."

Afisa mikopo alikuwa likizoni. Lorne alikwisha kukunja kalenda yake aondoke, mlango ukafunguliwa, akaingia mama yake, Bi. Olga, mwenye umri wa miaka sabini na sita, ambaye alikuwa akimsubiri garini katika baridi ya nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.

"Wewe mtoto, kalenda moja inachukua robo saa?"

Lorne hakutaka kusema. Darlene alimtazama mpaka akasema. Bi. Olga alikuwa na dola elfu mbili na mia sita katika tawi hilihili, alizoziweka kwa ajili ya mazishi yake.

"Zitoe," alimwambia Darlene. "Mpe huyu, naye amwekee Janelle."

"Mama, hizo ni fedha zako za mazishi!"

"Ni zangu, ndiyo maana naamua mimi. Sina mpango wa kufa wiki hii. Na nikifa, ardhi imeganda, kaburi halichimbiki mpaka Aprili. Nitangoja zamu yangu kama wengine."

Lorne alipiga simu nyumbani, Janelle akamsomea Darlene namba yake ya utambulisho tarakimu kwa tarakimu. Fomu ilitiwa saini saa sita kasoro dakika nne. Meneja alisimama mlangoni na funguo, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake hakuwa na haraka ya kufunga.

Januari Lorne alirudisha fedha za mama yake. Mwisho wa Februari alikuja kusoma taarifa ya akaunti: serikali ilikuwa imeongeza dola mia nne. Aliisoma mara mbili, akavua kofia, akauliza kwa sauti ya chini, "Bado naweza kuongeza?" Aliweza, na aliongeza, mwaka huo na uliofuata.

Janelle alihitimu mwaka 2020 na sasa anatibu ng'ombe wa wilaya yetu. Lorne hulalamika kila asubuhi kwenye meza ya kahawa kwamba binti yake humtoza bei ileile anayowatoza majirani. Hulalamika kwa sauti kubwa sana, asije mtu akakosa kusikia.

Darlene, watoto mia tatu na kumi na mmoja wa mji huu walifunguliwa akiba kwa mkono wako. Chama kinakushukuru, na wazazi wao pia, wakiwamo wale waliokukimbia kanisani. Tunakuombea afya njema, usingizi usiokatizwa na saa ya kengele, na miaka mingi ya furaha pamoja na familia yako.